Chakula kilifika kwa boda, watu hawakufika: yaliyonipata mtaani Tena baada ya kujifungua

Niaje wakuu.

Mimi huwa msomaji tu humu, leo wacha niandike. Siongezi chumvi. Mwenye ataona nimetunga apite tu, sina nguvu ya kubishana.

Naishi mtaa wa Tena hapa Nairobi, floor ya tatu, lakini nimezaliwa mtaa wa Shauri Moyo. Huko kwetu mtu akijifungua, wamama hawangoji kualikwa. Wanakuja na uji wa wimbi na njahi, yale maharagwe meusi ya kuongeza maziwa. Wanapiga vigelegele mlangoni, wanafua nepi, wanambeba mtoto mmoja mmoja, wanakaa mpaka unachoka nao.

Nikiwa mdogo nilidhani ni udaku tu.

Sasa nikapata binti yangu, kwa upasuaji. Baba yake kazi yake iko Mombasa, alikaa wikendi moja akarudi. Nikabaki na mtoto na kuta.

Chakula kilikuja kutoka kwa wamama wa Shauri Moyo, sitadanganya. Kila siku boda inapiga honi chini, halafu simu: "Mathe, kuja uchukue mzigo, caretaker amenikataza kupanda."

Nashuka ngazi nimeshika mshono, napanda na chupa ya uji.

Vigelegele navyo vilikuja kwa voice note. Haki ya Mungu! Nimekaa kitandani nacheza vigelegele kwa simu.

Nikampigia Mama Shiro, rafiki wa mamangu wa miaka mingi, nikamuuliza mbona hawaji. "Aii, nyinyi wa siku hizi mnapenda privacy," akasema. "Hatutaki kukusumbua. Na ukihesabu nauli, boda ni rahisi."

Na vile nilikuwa natamani kusumbuliwa!

Mtoto alikuwa analala sana. Ukimwamsha, ananyonya kidogo, analala tena. Nikashukuru, nikasema nimebarikiwa mtoto mpole. Nikatuma picha kwa group, kila mtu: "Ametoka brown, mrembo kama nyanyake!" Nikafurahi kama mjinga. Mapazia nilikuwa nimefunga juu ya baridi, na taa ya kwangu ni hafifu.

Mwishowe mamangu mwenyewe akaja. Magoti yake ni mabaya, ngazi zinamuua, ndiyo maana hata yeye alikuwa anatuma. Mnajua kilichomleta? Chupa zake. Zilikuwa zimejaa kwangu na alikuwa ameishiwa za kuweka uji.

Hakuketi. Alimchukua mtoto, akampeleka dirishani, akavuta pazia, akamfungua jicho kwa kidole.

"Nyambura, tangu lini mtoto ako hivi?"

"Hivi aje, mami?"

"Macho ni manjano! Vaa viatu twende."

Hospitali walimlaza chini ya zile taa za bluu. Daktari hakunigombeza. Alisema tu ingekuwa vizuri tungefika mapema. Nilitamani hata angenigombeza.

Umanjano ulitoka. Tukarudi nyumbani, nikajua tumepona. Baadaye nikaona nikiangusha sufuria hashtuki. Wakampima. Hasikii, masikio yote mawili; wakaniambia umanjano ukizidi na kukaa sana huharibu usikivu.

Mamangu alilia. Akasema angekuwa amekuja siku za kwanza angeona. Nikamjibu, "Basi si ungekuja!"

Hilo neno bado liko kati yetu. Tunasalimiana, tunaongea mambo ya kanisa, lakini liko.

Sichukii boda, wakuu. Vijana wetu wanakula hapo, na hakuna rider ameumbwa kukagua mtoto wa mtu. Lakini siku hizi naelewa wale wamama wa Shauri Moyo walikuwa wanakuja kuangalia. Uji ulikuwa tiketi ya kuingia ndani. Sisi tumebaki na uji, tukaona mila tumetimiza.

Kama kuna mtu amejifungua kwenu, iwe Mowlem, iwe wapi, usitume. Enda. Hata mikono mitupu. Mbebe mtoto, mtoe kwa mwangaza, umtazame vizuri. Mama akikununia, mwache anune.

Mwenye ako na matusi alete, nimeshajitukana yote. Ila kama kuna mtu humu amelea mtoto asiyesikia, tafadhali niandikie hapa chini, mlianzaje?

Mimi bado namwimbia nikimlaza. Yeye hunitazama tu mdomo.