Nilivyojifunza kuchora simba hapa Barking, Landani, na dume wangu akaandikwa jike

Wakuu, nawasalimu nyote kwa heshima, mlioko nyumbani na mlioko ugenini.

Mimi sikusoma. Anayeandika haya ni mjukuu wangu Wakesho, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwamuru asipunguze neno na asinipambe. Nitakayoyaeleza niliyaona au niliyasikia mwenyewe, na pale nisipoelewa nitasema sikuelewa. Mtaona ni pengi.

Nilikuja Landani kutoka Voi mwaka 2004, baada ya kufiwa na mke wangu. Binti yangu, mama yake Wakesho, hufanya kazi care home. Akitoka kuwatunza wazee wa watu, alikuwa akimkuta mzee wake mwenyewe dirishani, anatazama mabasi tangu asubuhi.

Akachoka kuniona hivyo. Akaniandikisha darasa la kuchora, kila Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa. Wakesho akapewa kazi ya kunifasiria.

Siku ya kwanza mwalimu, mama wa Kiingereza wa makamo, alisema kwamba muhula ule tungejifunza kuchora paka wakubwa.

Nikamwuliza Wakesho, "Paka wakubwa ndio akina nani?"

"Simba, Babu. Chui, tiger, all of them."

"Simba ni paka?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mwambie mwalimu kwamba paka hulala jikoni."

Hakumwambia.

Kisha tukaagizwa tuchore yai. Juu yake yai dogo. Juu ya lile dogo, msalaba, ili macho yapate mahali pa kukaa. Baadaye tukaambiwa mayai na msalaba ni vya kufutwa.

Hapo sikuelewa, na sijaelewa hadi leo. Nimejenga nyua nyingi maishani, na sijapata kuchimba shimo la nguzo nikalifukia kabla ya kusimamisha nguzo.

Isitoshe, mkono wangu umezoea jembe. Niliikandamiza penseli kwa nguvu hata raba haikuweza kuiondoa mistari. Simba wangu wa kwanza akabaki na msalaba usoni.

Jirani yangu pale mezani alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mtu wa utani. Akainama, akatazama.

"Papa, simba yako iko mukristo?"

Sikwenda pale kucheka.

Wiki ya pili tulichora chui. Wangu alitoka kama mtu aliyeugua tetekuwanga, na nikakubali kosa, kwa kuwa chui nimemwona mara moja tu, tena kwa mbali.

Ila simba namjua. Hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Wiki ya tatu mwalimu aligawa picha ya simba dume tuinakili. Shingo yake ilikuwa na manyoya marefu kama mzigo wa nyasi. Niliitazama, nikaigeuza kifudifudi, nikamchora simba wangu mimi. Uso mpana, kovu puani, shingo tupu.

Mwalimu akapita, akafurahi, akasema jambo.

"Anasema jike lako ni zuri sana," Wakesho akafasiri.

"Mwambie ni dume."

Akamwambia. Mwalimu akatabasamu, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye manyoya ya shingo. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto mchanga kijiko.

Wakuu, niwaeleze kwa nini sikuweza kuliacha jambo hilo lipite.

Nilipokuwa na miaka tisa, au kumi, sijui hasa, nilikuwa nikichunga mbuzi upande wa pili wa reli. Siku moja nilimkuta simba kando ya maji. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua kumi na mbili. Baadaye baba alirudi na mimi, akazipima. Tulifundishwa kutokimbia na kutogeuza mgongo. Nilisimama. Alininywesha hofu mpaka nikashiba, kisha akamchukua mbuzi wa mama yangu, akageuka, akaenda zake.

Jioni wazee waliniuliza jambo moja tu: dume au jike?

Kwetu swali hilo lilikuwa zito. Akiwa jike, pengine ana watoto karibu, basi malisho yale yanaachwa msimu mzima, na mbuzi wanakonda. Akiwa dume, ni mpita njia, watu wanarudi.

Nikasema dume.

Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Keshokutwa yake baba alilipeleka kundi zima pale pale, pamoja na ndugu yangu mdogo, kwa neno langu. Lilikuwa neno langu la kwanza kuaminiwa na watu wazima, na sikuwa na jingine la kunitambulisha. Sina cheti.

Basi jioni ile nyumbani Wakesho alikuja na kitabu chake cha shule.

"Babu, hata hiki kinasema hivyo hivyo. No mane, ni jike."

"Mimi nilimwona."

"Ulikuwa mtoto. Maybe ulichanganya."

"Alipogeuka kuondoka, nilikiona kinachomfanya dume kuwa dume."

Alicheka hadi mama yake akatugombeza toka jikoni. Kisha akasema, "Basi mchore anavyoondoka, tuone."

Nilijaribu wiki nzima. Wakuu, kumchora simba kwa nyuma si kazi ya mwanafunzi. Kila nilichokitoa kilikuwa gunia la viazi lenye mkia. Nikarudi kwenye uso.

Na hapo, nasema kweli, mashaka yakaniingia. Vitabu viwili, mwalimu mmoja na picha, wote upande mmoja. Nilijiuliza kama nilikiona nilichokiona, au kama niliogopa tu kujibu wazee "sijui". Labda ndugu yangu alirudi salama kwa bahati. Nilikuwa nikifumba macho nimtazame upya simba yule, na kila mara alikuwa mbali zaidi.

Jumamosi ya mwisho kazi zetu zilitundikwa ukutani, na chini ya kila moja karatasi ndogo yenye maandishi. Simba wangu alikuwa karibu na mlango. Nilimwuliza Wakesho, "Wameandika nini?"

"Wameandika jina lako, Babu. Na 'Simba'."

Nikaridhika. Nikageuka niende kunywa chai.

Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia. Akasema, bila ubaya wowote, "Haiko vile, mutoto. Soma muzuri. Wameandika simba mwanamuke."

Nilimtazama Wakesho. Alitazama viatu vyake.

Nikamwuliza mbele ya huyo mama, "Umenisomea uongo?"

"Sikutaka ugombane na teacher."

"Hilo ni moja. Jingine?"

Aliinua uso akanitazama. Kisha akasema, "Sikuwa na uhakika, Babu. I'm still not."

Wakuu, uongo wake haukuniuma kama hilo la pili.

Nikamwambia achukue kalamu arekebishe ile karatasi. Akasema, "Nikiandika dume, ni mimi nimesema. Sikuwepo."

"Hata baba yangu hakuwepo. Andika unachoamini."

Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu, watu wakimpita na vikombe vyao. Kisha akalikata neno la mwalimu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake. Safari hii sikumwuliza yeye. Nilimwuliza Mama Furaha.

Akasoma polepole: "Babu yangu anasema ni dume."

Mwalimu alikuja, akasoma, akaiacha.

Hadi leo sijajua kama siku ile mjukuu wangu alisimama nami au alinikwepa kwa adabu. Hakuandika uongo. Wala hakuandika "ni dume".

Wakesho anasema anaweza kutafuta kwenye kompyuta hii hii, dakika mbili tu, tujue kama wako madume wasio na manyoya shingoni. Nimemkataza. Baba yangu hakutafuta popote.

Nilichojifunza ni kidogo. Penseli ishikwe taratibu. Na asiyejua kusoma amchague wa kumsomea kama anavyomchagua wa kuchunga mbuzi wake.

Sasa semeni ninyi. Mkilijua jibu la simba, kaeni nalo. Hilo si swali langu. Swali langu ni hili: nimekosea kumkataza mtoto asitafute? Jibuni bila kunionea haya kwa sababu ya mvi. Wakesho atanisomea yote, hata ya kuniumiza, na nimemwomba Mama Furaha aje Jumapili aketi kando yake.