Risasi ya Pili

Wakulima wa bondeni walimwita Moja Tu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Kwa miaka thelathini na mmoja ushirika wao ulikuwa umempa kazi ya kuwapunguza nguruwe mwitu, ambao waliyafanya mashamba ya mahindi kuwa shamba la bibi, na miaka yote hiyo alitoka nyumbani na risasi moja mfukoni. Alidai kwamba mwenye risasi ya pili huanza kuitegemea kabla hajaifyatua ya kwanza. Mkewe alisema hayo ni maringo matupu, na mkewe hakuwa mbali na ukweli.

Msimu uliopita mambo yakamwendea mrama. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa korongo, nguruwe jike mkubwa yuko ng'ambo, kama hatua mia tatu hivi. Ndani ya darubini ya bunduki akaona kitu kama moshi mwembamba. Akasubiri upite. Haukupita, akafyatua hivyo hivyo. Risasi ikampata mnyama tumboni. Alimfuata kwa matone ya damu tangu adhuhuri hadi asubuhi ya pili, akamkuta chini ya kichaka, anahema, bado ana nguvu za kumrarua atakayemkaribia na kisu. Na mfuko wa Moja Tu ulikuwa mtupu. Alitembea saa nzima kwenda nyumbani kuchukua risasi nyingine, na saa nzima kurudi. Nguruwe alikuwa bado anahema.

Hilo alimwambia mkewe peke yake. Tangu siku ile alibeba risasi mbili, na kila zilipogongana mfukoni roho ilimuuma. Akaapa kwamba hatampiga mnyama mwingine mpaka apate darubini inayoona. Asipoipata kabla ya mavuno, basi, bunduki ataikabidhi ushirika, naye akae barazani ahesabu wapita njia.

Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alijitolea kumsindikiza mjini. Huyu alikuwa fundi wa simu, kijana mwema ila mdomo haupumziki. Njia nzima alisifu darubini aliyoiona kwenye mtandao, inayovuta mara ishirini na tano. Alisema kwa darubini hiyo baba atamhesabia nguruwe kope. Moja Tu alipakata darubini yake kuukuu ndani ya soksi, akaitikia "mm" kila ilipobidi.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza magodoro: chumba kirefu chembamba kinachonuka mafuta ya mashine. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Fundi, kwa kuwa alizitengeneza darubini kabla ya kuanza kuziuza. Meza yake alikuwa ameisukuma hadi dirishani, na juu yake palikuwa na kifuko cha mchanga cha kuegemeza. Hakumruhusu mteja kujaribu darubini kwa kutazama ukuta. Ilikuwa lazima atazame nje, juu ya mapaa, hadi kwenye tangi la maji, na mbali zaidi, kwenye kibao cha zahanati.

Fundi aliuliza wanapiga mnyama gani, umbali gani, na mpigaji anakaaje. Mkwe alijibu yote yeye, kisha akaomba lile dude kubwa kuliko yote kabatini. Fundi akamwekea.

"Unaona nini?" alimuuliza.

"Tofali. Sasa naona tofali jingine."

"Tangi je?"

Mkwe alilitafuta tangi kwa muda mrefu, shingo imemvimba, asilipate. Fundi akamweleza bila kumcheka sana kwamba darubini ikikuza mno hukuza na mtetemeko wa mkono, na eneo unaloliona ndani yake hufinyika, hata ukija kumpata nguruwe, ameshahamia shamba la jirani. Kwa hatua mia tatu, mara nne mpaka kumi zinatosha na kusaza.

Ikawa zamu ya mzee. Ya kwanza ilikuwa na ukungu. Ya pili nayo, na ya tatu, ukungu ule ule, mahali pale pale. Moja Tu alianza kukasirika. Alisema waziwazi kwamba hakutoka alfajiri kuja kuuziwa vioo vilivyolala kwenye unyevu. Mkwe akainama kwenye ile ya tatu, akanyanyuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaona hadi misumari ya kibao.

Fundi hakubishana. Aliitoa ile kuukuu kwenye soksi, akaifuta, akailaza juu ya mchanga.

"Mzee, ukilenga, jicho la kushoto linafanya nini?"

"Nalifumba. Bunduki inalengwa kwa macho mangapi?"

"Leo fumba la kulia."

Hakuwahi kufanya hivyo maishani. Uso wote ulimkunjamana kama wa mtu anayejaribu kuandika jina lake kwa mkono asiouzoea. Kisha akatulia, na kwenye darubini ile ile aliyoitukana miezi yote, akasoma polepole: "Kliniki ya watoto. Jumatatu na Alhamisi."

Moja Tu alielewa yote mara moja. Akiwa nyumbani au njiani, jicho la kushoto lilimwonea kila kitu. Alikosa kuona pale tu alipolifumba, yaani pale alipolenga. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

"Kumbe darubini ilikuwa nzima," alisema. "Yule nguruwe nilimtesa mimi."

"Mama yangu alikuwa hivyo hivyo," Fundi alisema. "Mtoto wa jicho. Alipasuliwa, na sasa anatunga uzi kwenye sindano na kunicheka mimi ninayevaa miwani. Nenda hospitali, mzee. Leo sikuuzii kitu."

"Na wakishindwa?"

"Utarudi, nikufundishe kulenga kwa kushoto. Utanichukia, lakini utajua."

Akishuka ngazi, Moja Tu alishangaa kujikuta mwepesi. Alichodhani ni uzee kilikuwa na jina, na kilikuwa na daktari.

Upasuaji haukumaliza hata nusu saa. Mkewe alimtilia dawa kwa wiki kadhaa, akimkaripia kila alipopepesa. Daktari alipomruhusu kushika bunduki, alirudi ghorofani kwa Fundi, safari hii na mkewe. Kitu cha kwanza alichokiona ni kovu dogo lililopinda juu ya nyusi ya Fundi. Akauliza kama siku ile lilikuwepo. Fundi akajibu kwamba lipo tangu usichana wake, siku aliyosogeza jicho karibu mno na kioo cha darubini, bunduki ikapiga teke.

Alitandaziwa darubini mbili mpya, na ile kuukuu katikati. Alizitazamia zote tatu, akarudia, akarudia tena, mpaka mkewe akaomba kiti. Mwishowe akachagua yake mwenyewe.

"Basi iombe radhi," mkewe alisema. "Umeisema sana."

Fundi akalalamika kwamba kwa wateja wa namna hii atakufa njaa, akamuuzia vifuniko vya kioo.

Asubuhi ya kwanza ya mavuno mkewe alizikuta risasi mbili mezani. Akachukua moja airudishe kabatini, akifurahi kwamba mambo yamerudi kama zamani. Moja Tu akamshika mkono.

"Hiyo naibeba."

"Si unaona vizuri sasa?"

"Naona. Lakini nikikosea, mnyama asiningoje tena saa mbili. Hii ya pili ni yake."

"Na jina lako je?"

"Waachie wakulima."

Alizifunga kila moja kwenye kitambaa chake ili zisigongane, akatoka. Jioni alirudi na moja.