Barfi Mdomoni Siku ya Kufunga

Watu wangu, mtu anaweza kuwa amefunga na barfi iko mdomoni? Nauliza kwa sababu leo yamenipata.

Mama yangu anafanyiwa upasuaji kesho. Kanisa letu hapa Langas linamwombea, kwa hivyo leo nimefunga, hata maji sijagusa.

Sasa Mama Meena, Mhindi mwenye duka la vitambaa ninapofanya kazi, naye amefunga leo. Lakini kwao mfungo unakataa unga na mchele. Tamutamu za maziwa na sukari, kama barfi, hazina shida. Tangu asubuhi anakula barfi mbele yangu, na eti amefunga!

Mchana akaniletea sahani.

"Asante Mama, lakini na mimi nimefunga."

"Basi kula. Hii ndiyo ya kufunga!"

Kabla nijitetee, ameshanitia kipande mdomoni kwa mkono wake, vile wao hufanya wakikupenda.

Nikaanza kuelekea mlangoni ili nikateme.

Akanishika mkono. "Hiyo nimeiweka mbele ya Mungu asubuhi. Leo nimefunga kwa sababu ya mama yako."

Wueh.

Kutema siwezi. Kumeza siwezi. Nimesimama tu kama nguzo ya stima, barfi inayeyuka yenyewe, machozi nayo yanashuka.

Simu ikalia. Pasta wetu.

"Dada, tuko wote kwa laini. Anza maombi."

Nikajaribu. Neno lililotoka ni moja tu.

"Amina."

Kando yangu, Mama Meena akaitikia: "Amina."