Mtaa Chini ya Migomba

Cherehani ndiyo inayomlisha Jeanine. Ramani ndiyo inayomwotesha. Alasiri wateja wakipungua, huketi barazani pake, mjini Kasongo, mashariki ya Kongo, akautazama mji ndani ya simu, umepigwa picha kutoka juu ya mawingu, umenyamaza kama mtu aliyelala chali. Yeye na wenzake wa kujitolea huchora paa na njia. Kisha kompyuta, huko iliko, huisoma michoro yao na kupaka rangi: chungwa kwa mtaa, kijani kwa shamba.

Mtaa wa wachimba dhahabu ulitoka kijani. Jeanine mwenyewe ndiye aliyeuchora shamba. Katika kabila lake, Wazimba, migomba hukaa mbali na nyumba. Alipoiona imeshonana pichani, hakujiuliza. Sasa mafundi wa maji walikuwa wanaifuata ramani ile, na bomba halipelekwi shambani.

Akaenda kwa Cirhuza, mchimbaji wa mtaa ule aliyetoka pande za Bukavu, ambako nyumba hujengwa katikati ya migomba, akamweleza.

"Kumbe mie niko naishi mu shamba sawa nyani!" Cirhuza akacheka.

"Usicheke, ndugu. Mukate migomba kidogo, manyumba ionekane."

Kicheko kikakatika. "Mama Jeanine, ona ule mugomba. Chini yake tulizika kitovu cha Aganze, mutoto yangu. Nimukate?"

Mkewe, Marie-Jeanne, akatokea na bidoni la maji kichwani. "Ile picha iko inaangalia juu tu," alisema. "Sisi tunapita chini."

Jeanine akamkabidhi simu, ameiwasha iandike kila njia atakayopita.

Kulipokucha wanawake walishuka mtoni, na simu ikaacha mstari mwembamba nyuma yao kwenye ramani. Chini ya majani mwanga ulikuwa wa kijani, kama wa ndani ya maji. Siku baada ya siku Jeanine aliwafuata kwa njia zao zote, akiandika milango: kinyozi, duka la dawa, chumba cha maombi. Alijiona kama anashona, uzi ukipita upande wa nguo usioonekana.

Rangi ikageuka polepole, nyumba baada ya nyumba, mpaka mtaa wote ukawa chungwa.

Mafundi walipofika kuchimba mtaro, Cirhuza alikuwa amesimama mbele ya mgomba wa Aganze, mikono nyuma. Wakamtazama, wakatazamana. Mtaro ukapinda.

Jioni ile Jeanine aliuchora mtaro ramanini vilevile ulivyo, na kona yake.