Alama za suti ya kuzamia

Leo nimemtoa mtoto wa mtu majini, na nimechelewa.

Alikuwa mtu mzima, mchimbaji mawe. Jana aliteleza akatumbukia kwenye timbo moja hapa karibu na Kebirigo, limejaa maji ya mvua.

Maji ni baridi kama barafu, kwa hivyo nilivaa suti isiyopitisha maji.

Ukishuka, hiyo suti inakubana, mpaka uiongezee hewa. Mimi niliongeza kidogo tu, nisije nikaelea juu kabla sijampata.

Nilipoivua, mikono ilikuwa na mistari myekundu, kama nimechapwa.

Mamake marehemu, aliyekuwa akingoja hapo ukingoni, akaigusa.

"Mwanangu pia alibanwa hivi?"

"Hapana, mama. Hii ni suti tu."

Akaanza kunisugua mikono, taratibu, mpaka ikapata joto.

Jameni, wewe ungemwambia nini?