Bega Lilipokataa, Marlys Akatafuta Fito Nyepesi

Umande haujakauka bado kwenye majani ya mahindi. Marlys Tollefson anaburuta bomba nene kutoka kwenye tangi la maziwa hadi lorini, mkono wa kulia ukifanya kazi yote, wa kushoto ukielekeza tu. Zizi hili ndilo la mwisho kwa Jumamosi ya leo. Anafunga vali, ananawa, anapanda lori.

"Mbona mbio hivyo leo, mama?" anauliza mwenye ng'ombe.

"Nina mtihani," anajibu. "Na msimamizi ni mume wangu, kwa hiyo niombee."

Mtihani wenyewe uko uani kwa jirani yake, Gaylen Prohaska, kwenye vilima vya Viroqua, jimbo la Wisconsin. Chini ya mwaloni mnyoofu zimelazwa seti tatu za fito za kupandia: vipande vifupi vyenye vikanyagio, ambavyo mwindaji huvifunga shinani kimoja juu ya kingine na kupanda kama ngazi. Akifika juu, huegemea kwenye tandiko, mkanda mpana unaomkalisha huku kamba ikimshikilia kwenye mti, akamsubiri kulungu, upinde mkononi.

Marlys, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, amewinda hivyo muda mrefu. Nyama ya kulungu ndiyo iliyolea wanawe wawili, maana mshahara wa kubeba maziwa ya watu haujawahi kuwa na mbwembwe.

Novemba iliyopita, akishuka mtini asubuhi yenye barafu, mguu uliteleza. Alidaka kikanyagio kwa mkono wa kushoto, na bega likachanika. Kamba ya usalama ilimzuia asifike chini. Akabaki ananing'inia, mkono mmoja umekufa ganzi, simu imeangukia kwenye majani makavu huko chini.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha," anasema. "Kisha nikasikia trekta."

Alikuwa Gaylen, mtengeneza jibini mstaafu. Majirani hawa walikuwa na miaka minne hawaamkiani, tangu mti wa kina Tollefson ulipoangukia ua wa Gaylen na kila upande ukakataa kuutengeneza. Mzee aliinua sinia la mbele la trekta, lile la kubebea nyasi, akalisogeza polepole hadi chini ya miguu ya Marlys.

"Unajua aliniambia nini? Nalia pale kwa maumivu, yeye ananiuliza, 'Jirani, mti wako uliangukia ua wangu, sasa na wewe umeamua kuufuata?' Nikacheka huku nalia. Bega liliniuma maradufu."

Baada ya upasuaji alikaa wiki kumi na nne bila kushika usukani. Madereva wenzake waligawana njia yake ili isipewe mtu mwingine. Wanawake wa kanisani walileta vyungu vya viazi na nyama hadi friji ikakataa kufungwa. Na kila theluji ilipoanguka, kabla hawajaamka, Gaylen alikuwa ameshaifagia njia yao kwa trekta.

"Hakugonga mlango hata siku moja," anasema Marlys. "Tulikuta njia nyeupe imekuwa nyeusi. Mtu wa namna hiyo utamshukuru vipi?"

Lyle, mumewe, fundi wa mabomba, naye alishukuru, ila kwa sharti. Fito za zamani, nzito kama mzigo wa kuni, aliziuza kama chuma chakavu. Mke wake hatapanda tena mpaka yeye mwenyewe aridhike kwa macho yake.

"Mimi ngazi ya kubadilishia balbu tu naiogopa," anasema, akishika kamba ya pili aliyoifunga kwenye tandiko la mkewe. "Halafu nimwachie huyu?"

Mwenye duka la pinde mjini, Dewey Stankey, aliposikia habari hiyo, aliwaazima seti tatu na kuwaambia warudishe zisizofaa.

Marlys anaanza na za kaboni. Ni nyepesi, hazipozi mikono, hazilii zikigongana. Lakini ni ndefu, na ili kufunga ya pili lazima mkono upite kichwa. Anajaribu mara mbili. Uso unajikunja.

"Bega limesema hapana," anatangaza. "Kwa kijana mzima, hizi ni dhahabu."

Zinafuata za titani, nyepesi kuliko zote. Seti nzima anaiinua kwa vidole viwili, kama mfuko wa mkate. Ni fupi, kwa hiyo kila moja anaifunga kifuani, bila kunyoosha mkono. Lyle anaanza kutabasamu. Kisha moja inagonga nyingine, *kang'!*

"Nimesikia huku!" anapaza sauti Gaylen kutoka mlango wa ghala. "Kulungu wako yuko jimbo la Iowa saa hizi!"

Marlys anaendelea. Kwenye fito ya tatu anasimama. Kikanyagio ni chembamba, na buti lake pana linajizungusha juu yake. Fito moja tu imebaki afike alipopalenga. Lyle ameikaza kamba mpaka mikono imekuwa myeupe.

"Nashuka," anasema Marlys.

Anashuka taratibu, anavifungua vipande, anavirudisha kwenye mfuko. Lyle anailegeza kamba.

"Miaka yote hii," anamwambia, "sijawahi kukuona unashuka kabla ya kufika."

"Miaka yote hii sikuwa na bega bovu."

Lyle anageukia pembeni, anajifuta uso kwa kofia. Baadaye alimwambia mwandishi wa makala haya: "Pale ndipo moyo wangu ulipotulia. Nilidhani nampima kupanda. Kumbe nilitaka kuona kama anajua kuacha."

Zimebaki za alumini. Ni fupi kama zile za titani, nzito kidogo kuzishinda, lakini bado hazifikii nusu ya uzito wa zile zilizouzwa. Vikanyagio ni vipana, vina meno, na zinafungwa kwa kamba laini badala ya kifungo cha chuma. Marlys anafunga, anapanda, anafunga, anapanda. Anapofika juu anaegemea nyuma, tandiko linampokea, na mikono yote miwili inabaki huru.

"Wanaume mliopo huko chini!" anaita. "Ghala lote naliona. Na Lyle, kichwa chako kimeanza kupata upara!"

Gaylen anacheka mpaka anashika kiuno.

Msimu wa upinde utafunguliwa katikati ya Septemba. Marlys atapanda mwaloni ulio mwisho wa shamba la Gaylen, mzee ambaye hajawahi kumruhusu mwindaji yeyote. Nusu ya nyama itakwenda kwa mzee, na kamba ya usalama itafungwa kabla mguu haujaacha ardhi.

"Nikipata kulungu, Mungu ashukuriwe," anasema. "Nisipopata, nitashuka nikanywe kahawa kwa Gaylen."

"Kahawa ipo," anajibu mzee. "Kulungu ataamua mwenyewe."