Asumini Nambari 417

Swafiya Aboud aliikuta ile nambari Jumatatu asubuhi, imebandikwa kwenye chungu chake cha asumini: 417. Kiti cha mapokezi kilikuwa 416 na pipa la taka 418, vyote kwenye orodha ya mali za kuuzwa pamoja na jengo. Alisimama pale na koti lake la baridi bila kulivua.

Kwamba jengo linauzwa alijua. Golden Valley nzima, kitongoji cha Minneapolis huko Marekani, ilijua. Kampuni ilikuwa ikitengeneza vifaa vya elektroniki tangu enzi za redio, ikabweteka wakati kampuni nyingine zinakimbia, na sasa wakubwa walitafuta fedha za kuuvuka mwaka. Wakaamua kuuza ofisi. Wachache wangehamia ghala la kukodi katika kitongoji kingine, Inver Grove Heights. Wengine wote, Swafiya akiwemo, walipewa barua za kuachishwa kazi na kuambiwa mwisho wao ni Ijumaa. Miaka kumi na tisa alikuwa amekagua bodi za saketi kwa hadubini, akitafuta lehemu iliyopasuka, hadi macho yakadai miwani. Barua ilikuwa na mistari sita, na jina lake limekosewa. Hayo yote aliyameza. Lakini asumini?

Mti ule aliuleta mwenyewe, kitawi tu alichopewa na shoga yake Nasima, mwenye duka. Nyumbani kwake, gorofani Minneapolis, baridi ya dirishani ilikwisha kuua vitawi viwili vya awali. Ukumbi wa mapokezi una paa la kioo na joto mwaka mzima, basi akauweka pale, akaumwagilia kila asubuhi kabla ya kupanda kazini. Kwao Mombasa bibi harusi hatoki bila kikuba, kile kifungu cha asumini na majani ya rehani kinachobandikwa nguoni, na Swafiya alifungiwa chake na mama yake mzazi. Jumamosi ilikuwa harusi ya Zamzam, bintiye wa pekee, na mti ulikuwa umejaa matumba.

Akamwendea Harrison, msimamizi wa mali, kumwambia kumetokea kosa. Harrison hakubishana. Alifungua kompyuta, akamgeuzia kioo, na Swafiya akaiona saini yake mwenyewe.

Hapo ndipo alipokumbuka. Miaka minane nyuma ilitoka amri kwamba mimea ya watu binafsi iondolewe ukumbini. Alfred Wanjala, fundi wa jengo, mtu wa Bungoma, alimshauri waandike kwamba mti ni wa kampuni ili usitupwe. Swafiya alisaini huku akicheka, akiona wamewapiga chenga wakubwa. Kumbe alikuwa anajifunga kamba mwenyewe.

Aliomba auchukue mti. Harrison akasema unakwenda na jengo. Aliomba matumba peke yake. Harrison akasema kwa upole, ule upole unaokera kuliko matusi, kwamba wanunuzi wanakuja Ijumaa na mti unaupendezesha ukumbi, kwa hiyo lisichumwe hata ua moja. Akamkumbusha pia kwamba malipo yake ya kuagwa, anayolipwa mtu akiachishwa kazi, yanategemea kufuata taratibu hadi siku ya mwisho. Mtu mzima anatishwa kwa maua aliyoyapanda mwenyewe!

Zamzam, aliyezoea kumjibu mamake kwa Kiingereza, alisema wanunue tu ya dukani. Swafiya akamwambia ya dukani hayanukii, akakata simu. Alfred naye alikuja kumtuliza.

"Mama Zamzam, tulisaini. Hapo wametushika."

"Tulisaini ili mti usife, Alfred. Hatukusaini uuzwe."

Ijumaa alasiri wanunuzi wakaja, watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye mabuti yaliyojaa theluji. Swafiya alikuwa karibu na mlango na boksi la vitu vyake. Harrison alisifu kioo, akasifu sakafu, akausifu na mti kama ameumwagilia yeye. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema hakuna haja ya kuzungushwa: wao wanataka kiwanja. Jengo litabomolewa Mei.

Swafiya alisogea, akamwuliza Harrison kama sasa anaweza kuchuma. Harrison akanong'ona kwamba orodha ni orodha hadi hati ya mauzo isainiwe.

Basi mti uliokuwa wa kutupwa kifusini ndio mwanawe alionyimwa. Swafiya alitandika leso yake sakafuni, mbele ya wageni, akaanza kuchuma tumba moja moja bila haraka. Harrison alimkumbusha malipo. Swafiya akaendelea. Matumba yalipokwisha alichukua mkasi wa mapokezi, akakata matawi ya kupanda, akayafunga kwa karatasi iliyolowa maji. Halafu akaibandua ile nambari chunguni, akaibandika kwenye beji yake ya kazi, juu ya picha yake, akamsogezea Harrison usoni.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nionyeshe nilipoandikwa mimi kwenye orodha."

Yule mama wa mabuti ndiye aliyemfungulia Swafiya mlango, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa.

Usiku ule matumba yalilala kwenye friji, ndani ya kitambaa kibichi, na Jumamosi Zamzam alitoka na kikuba kifuani, akinukia ukumbi mzima wa harusi. Matawi yako dukani kwa Nasima, karibu na hita, na mawili yameshika mizizi.

Malipo ya kuagwa hayakuja. Ilikuja barua ya kusema hayatakuja, na safari hii jina lake waliliandika sawasawa.